Mbuzi Bila Mwenyewe

Ule mwaka tulikula majani ya maharagi mpaka meno zikageuka kijani. Ugonjwa ulishika ndizi mu mashamba yote, kutoka Butembo mpaka Kalunguta, zilikuwa zinaoza ndani mbele ya kuiva, na muhogo ilitoka nyembamba kama kidole ya mutoto. Asubuhi bugali na majani ya maharagi. Mangaribi bugali na majani ya maharagi. Siku ya yenga, siku ya misa, tunaongeza chumvi, tunasema ni sikukuu. Nyama tulikuwa tunaiona fasi mbili tu: ku kilio, na ku mbuzi ya amende, ile yenye mutu analeta juu ya kosa yake. Donc mutu akikuuliza ni mwaka gani mi muzee wenu, Koko Masika, nilivunja nyumba ya mudogo wangu, usitafute namba. Umuambie: ni ule mwaka wa majani ya maharagi.

Ninyi bijana ba chapelle mulinilomba niandike juu ya sadaka ya Waisraeli ba zamani, ile ya damu, na juu ya nini Mungu alikuwa anataka mbuzi. Katekista wenu wa leo alisema: "Koko masomo eko nayo kidogo, mais mbuzi anazijua." Hakudanganya. Nilisoma mpaka mwaka ya tatu primaire, mwalimu akanifukuza juu nilimupiga binti yake. Mais mbuzi niliuza miaka arobaini na zaidi ku soko ya Butembo, na hakuna mwanaume alinipita. Niseme tena: hakuna. Nilikuwa nazitafuta Vuhovi, Kalunguta, mpaka Eringeti kule, ile wakati vita haijafika, mutu alikuwa anaenda Eringeti na kurudi bila kuagana na batoto kama mutu anaenda kufa.

Wakati ninaandika, kuko mbuzi moja imefungwa nyuma ya jikoni yangu. Inalia tangu juzi. Nitafika kwake. Kwanza mujue kazi.

Mbuzi hawaiangalie mwili. Mwili inadanganya kama mutu mwenye suti. Unafungua jicho, unashusha ngozi ya chini na kidole gumba. Kama ndani ni nyekundu, iko na damu. Kama ni nyeupe, minyoo imeshakunywa damu yote, ile mbuzi unayoiona imesimama ni ngozi tu. Kisha unapitisha mukono ku mugongo. Unafungua mudomo, unaona meno. Unainua kwato, unanusa. Ndiyo, unanusa! Binti mwenye anaogopa kunusa kwato auze nyanya. Mama mukwe wangu njo alinifundisha ile yote, na siku ya kwanza alinipiga kofi juu nilisifu mbuzi kwa rangi yake.

Na uifunge mbali na mifuko ya batu. Kuko mbuzi yangu ilikula karatasi ya ndoa mu mfuko ya mununuzi. Yule baba aliangalia kipande chenye kilibaki, akaniambia: "Mama, asante. Sasa niko kijana tena."

Mais kuko kitu hakuna mutu alinifundisha, nilikitunga mwenyewe, na nilijisifu nacho miaka mingi. Mbuzi mugonjwa, unailambisha chumvi asubuhi mapema, chumvi mingi. Inashikwa na kiu. Inakunywa, inakunywa, tumbo inajaa kama ngoma. Kisha unapaka manyoya mafuta ya mawese kidogo ku kitambaa. Inangaa. Mutu anapita, anasema, eh, hii njo mbuzi! Mpaka mangaribi imesimama. Kesho yake, hiyo ni shida ya mwenyewe.

Sasa mudogo wangu. Jina yake Kavira; mi dada yake mukubwa alikuwa ananiita yaya. Alikuwa ameolewa Vuhovi, batoto bane. Ule mwaka wa majani ya maharagi alikuya ku soko na miguu, jasho mpaka ku kiuno.

"Yaya, nimeharibu."

"Umeharibu nini tena?"

"Nilimuita mama mukwe muchoyo. Mu shamba, mbele ya batu."

Nikacheka. "Mais eko muchoyo kweli!"

"Yaya, usicheke. Bazee banataka mbuzi. Leo. Nikileta, maneno imeisha. Mi sijue mbuzi. Wewe njo macho yangu."

Kwetu mbuzi ya amende haiko nyama tu. Mwenye alikosa anashika kamba na mukono wake, anaingia nayo mu kiwanja, anasema kosa yake na mudomo yake, bote banasikia. Kisha banachinja. Na bale bawili, mwenye alikosa na mwenye alikosewa, banakula ku sahani moja. Bakishakula, hakuna mutu anapata ruhusa ya kufufua ile neno.

Nilikuwa na mbuzi mbili asubuhi ile. Moja muzima kabisa, nilikuwa nimeahidi tajiri mumoja ku arusi ya binti yake. Na ingine nyeusi. Ile nyeusi jicho yake ilikuwa nyeupe kama bunga. Nilikuwa nimeshailambisha chumvi, imeshakunywa, imeshapakwa mafuta. Niliangalia mudogo wangu. Nikawaza: ni amende tu, batachinja leo leo, nani ataona? Na niseme kweli, juu nimezeeka na sina wa kuogopa: kuko kitu kingine ndani yangu kilitaka kuona kama chumvi yangu inaweza kudanganya hata bazee ba Vuhovi.

Nikamupa nyeusi.

Akanikumbatia, akanishukuru: "Wasingya, yaya." Akaenda nayo, anaimba.

Mbuzi ilifika Vuhovi, hiyo hata mi nilishangaa. Iliingia mu kiwanja. Bazee bamekaa, mama mukwe amekaa na uso ya kufunga. Kavira akapiga magoti, akashika kamba, akaanza kusema: "Mama, nilikutukana, mudomo yangu..." Na pale pale, mbele ya kumaliza ile neno, mbuzi ikakunja miguu, ikalala, ikatoa maji ku mudomo, ikakufa. Mbele kisu haijaigusa.

Mama mukwe akasimama. "Umeniletea maiti," akasema. "Nilikulomba upatanisho, ukaniletea maiti."

Sasa ile haikuwa tena neno ya muchoyo. Balisema analaani nyumba. Bwana yake hakuwa mutu mubaya, alikuwa mutu wa baba yake tu. Mbele ya juma kuisha Kavira alikuwa amerudishwa ku shamba ya baba yetu, Kalunguta, na kitenge mbili mu mfuko. Batoto bane bakabaki Vuhovi. Kwetu batoto ni ba baba.

Njia ya kuponyesha ile kidonda ilikuwa mu mudomo yangu. Neno moja tu. Na Mungu alinipa nafasi, hapana moja, mbili. Kwanza Kavira mwenyewe alipita ku soko, akasimama mbele yangu, hakulia, akaniuliza: "Yaya, ulijua?" Nikasema: "Mbuzi yangu ilitoka hapa muzima." Kisha baba mukwe wake, muzee wa heshima, alifunga safari mpaka ku soko kuniuliza na adabu. Batu ba soko banaangalia. Niliogopa jina yangu. Nikasema na sauti ya juu, bote basikie: "Mbuzi yangu ilitoka hapa muzima." Akainamisha kichwa, akarudi.

Jina yangu ilibaki muzuri sana. Batoto bane balikula mikononi mwa bibi mwingine wa baba yao.

Nilienda ku kitubio. Nikamuambia padiri: nilidanganya ku soko. Sikusema nani. Alinipa sala za kusali, nikazisali mbio mbio kama mutu anapanguza nyumba mbele ya mugeni. Roho ikabaki inawasha.

Ndizi zikapona, tukaanza kukula ndizi tena, na mi nikawaza: nitamutumia Kavira mbuzi. Nilitafuta miezi mbili. Nikapata jike moja, mwili ya kahawia, mukia mweupe. Bijana, mi nimeshika mbuzi kuliko munavyoshika telefone, na ile njo ilikuwa mbuzi ya muzuri kupita zote. Jicho nyekundu kama pilipili. Kwato safi. Nikamupa Mbusa, mutu wa kinga, ile baiskeli, mwenye alikuwa anabebaka bitu byangu.

"Umupelekee Kavira Kalunguta. Umuambie ni ya kusahau maneno."

"Na wewe hauendi?"

"Mi niko na kazi. Mbuzi inatosha."

Alirudi mangaribi, kinga tupu. Nikamuuliza: "Amefurahi?"

"Amepokea kamba. Amesema mbuzi haina kosa, haitalala inje. Mais alisema nikuletee maneno hivi vile: Mbuzi nimeiona. Mwenye mbuzi sijamuona."

Nikakasirika! Nikapiga makofi, nikasema njo shukrani hiyo? Mbuzi kama ile? Mbusa akapanguza kinga yake. "Mama Masika, mi nilipeleka mbuzi, nikarudisha maneno. Mbuzi ilikuwa mwepesi."

Sasa muko tayari kwa Waisraeli. Katekista wetu wa ile wakati alikuwa muzee Paluku, mwembamba, koti moja, kikohozi moja. Siku ya mafundisho ya bamama akaniita mbele.

"Masika, simama. Waisraeli ba zamani, mutu wa kawaida akitenda zambi, alikuwa analeta mbuzi jike, bila kilema. Bila kilema njo namna gani?"

Nikasimama na majivuno yangu yote. Nikafundisha: jicho, mugongo, meno, kwato. Bamama bakapiga makofi.

"Muzuri. Alipofikisha mbuzi, alifanya nini?"

"Anamupa kuhani, anaenda kwake."

"Hapana." Akatia mukono wake juu ya kichwa yangu. Akabonyeza. Muzee mwembamba vile, mais shingo yangu ilishuka. "Hivi. Mwenyewe anatia mukono. Uzito wake unaingia mu mbuzi. Anasema, ni mi. Na kisu anashika mwenyewe. Kuhani anapokea damu, anaipeleka ku mazabahu. Muliwaza kuhani alikuwa boucher wa kuchinjia bavivu?"

Bamama bakacheka. Mukono bado uko juu ya kichwa yangu.

"Na juu ya nini damu?" mumoja akauliza.

"Juu uhai iko mu damu. Zambi inakula uhai, kwa hiyo uhai ilikuwa inapelekwa. Musiseme Mungu alikuwa na njaa. Mungu hana njaa ya mbuzi."

"Na mwenye hana mbuzi?"

"Njiwa mbili. Mwenye hana njiwa, bunga kidogo ya muzuri."

"Hata ya muhogo?"

"Mama, Waisraeli hawakujua muhogo, baliponea pale." Bakacheka tena. Akangoja bamalize. "Mais ule mwenye alimudanganya mwenzake, ao alimunyanganya kitu, sikilizeni. Siku ile ile ya kuleta sadaka, anarudisha kile kitu kizima kwa mwenyewe, na kuongeza fungu la tano juu yake. Ku mazabahu hawakimbilie kumukimbia jirani."

Nilisikia moto mu masikio. Nikatafuta mulango wa kutokea. Nikauliza: "Muzee, si nilisikia kulikuwa mbuzi ya kutuma? Ku ile siku kubwa ya malipizi. Mbuzi mbili: moja inachinjwa, ingine inafukuzwa mu jangwa, inabeba zambi, inaenda peke yake."

"Ni kweli, Masika. Iliendaka." Akatoa mukono ku kichwa yangu, akaniangalia. "Mais hata ile, kuhani mukubwa alitia mikono yake mbili juu ya kichwa yake kwanza, akataja makosa yote ya Israeli na mudomo yake, batu banasikia. Hakuna mbuzi ilitoka bila mukono."

Hakujua kitu juu yangu na Kavira. Mi niliwaza anajua. Nilikaa mwezi muzima bila kumusalimia.

Munangoja niseme: kesho yake nilipanda kwenda Kalunguta. Hapana. Sikuenda. Kalunguta haiko ulaya. Ningetoka na uji moto mu tumbo na kufika mbele haijapoa. Mais kwanza ilikuwa wakati wa kuvuna. Kisha mvua. Kisha njia ilikuwa na basoda na bunduki zao. Kisha niliwaza, eko mudogo wangu, yeye njo akuye kwangu. Miaka saba, bijana. Miaka saba nikimuuliza kila mutu wa Kalunguta mwenye alipita ku soko: "Mbuzi yangu iko?" Na banajibu: "Iko. Imezaa." Mara ingine mapacha. Sikuuliza: Kavira eko namna gani? Niliuliza mbuzi.

Kisha mutu alipita, nikauliza mbuzi, akasema: "Mama, hawakukuambia? Tunamuzika kesho."

Nilifika na taxi-moto, nyuma ya pikipiki. Batu balikuwa bamejaa. Hata ba Vuhovi balikuya, na bale batoto bane, bamekuwa bakubwa, bananisalimia kama mutu wa barabara. Na nyuma ya nyumba niliona mukia mweupe. Mbuzi ilikuwa imezeeka, meno zimebaki tatu, magoti imevimba. Kamba ku shingo ilikuwa ile ile, fundo nililofunga mi. Jirani akaniambia: "Batoto ba hii mbuzi alibagawia batu. Hii yenyewe tulimuambia auze, tulimuambia achinje Noeli, akakataa. Alisema: hii iko ya yaya, anakuya kushika kamba."

Nilishika kamba. Nikaivuta mpaka mbele ya batu, nikatia mukono juu ya kichwa yake, nikabonyeza vile muzee Paluku alinibonyeza. Nikasema yote. Chumvi, mafuta, jicho nyeupe. Nikasema: "Mbuzi haikutoka kwangu muzima. Nilijua."

Hakuna mutu alipiga kelele. Ningependa bapige kelele. Baba mukwe wa Kavira alikuwa pale, kipofu sasa, fimbo katikati ya magoti. Akasema pole pole: "Mama Masika, nilitembea mpaka ku soko yako kutafuta ile neno. Ungenipa siku ile, ningemurudisha kwake mbele ya jua kuzama."

Bijana bamoja bakasema, basi tuchinje, tupatane. Muzee akakataa na kichwa. "Atakula na nani ku sahani moja?"

Ile mbuzi haikuchinjwa. Ilikufa peke yake, uzee. Niliizika na mikono yangu, na batu banacheka kwamba Masika amerukwa na akili.

Sasa hii yenye inalia nyuma ya jikoni. Kazi yangu nilimuachia mujukuu wangu Kasereka. Eko mwanaume mwenye bibi na batoto, mikono ya akili, anajua jicho na kwato kunishinda. Juma iliyopita mama mumoja alikuya kwangu analia. Alinunua mbuzi kwa Kasereka, ya kupatana na kaka yake, hawajasemeshana tangu kifo ya baba yao. Mbuzi ilikufa mu njia. Nilienda kuiona. Nikashusha ngozi ya jicho. Nyeupe. Nikapitisha kidole ku mudomo yake, nikalamba. Chumvi.

Nilimukuta Kasereka ku soko. Nikamuambia aende kwa yule mama, aseme, kisha amupe mbuzi muzima, na aongeze. Akanijibu mbele ya batu: "Koko, chumvi nilijifunza kwa nani? Leo umekuwa mutakatifu?"

Alisema kweli. Wakati alikuwa mutoto mudogo, alikuwa ananiangalia mikono. Ile njo urizi nilimuachia.

Juzi motard, mutu wa pikipiki, alisimama hapa na mbuzi mu gunia, kichwa inje. "Mama, ni Kasereka anatuma. Anasema Koko asikasirike tena." Niliifungua. Jike, mweusi na mweupe, jicho nyekundu, kwato safi. Ni mbuzi ya muzuri sana. Alichagua na roho. Nilijua, juu mi pia nilichagua na roho.

Jana akapiga simu. Nilisikia kelele ya soko nyuma yake.

"Koko, mbuzi ilifika?"

"Ilifika."

"Si iko muzuri?"

"Iko muzuri. Ulienda kwa yule mama?"

"Koko, kazi ni mingi. Nitatuma mutu. Alors maneno imeisha, sindiyo? Umenisamehe?"

Eko damu yangu, na mi ninamupenda kuliko hii nyumba. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi kama kumeza maji. Mais nilikumbuka ile kamba na fundo yangu, miaka saba. Kasereka, kama unasoma hii ku chapelle pamoja na benzako, jua kwamba siku hizi niko mugonjwa kifua, na mulango wangu hapana kufungwa muchana. Jibu nililokupa jana haikuwa yangu, niliiazima kwa mutu mwenye alikuwa na haki nayo, na sitaibadilisha hata ukituma zizi nzima:

"Mbuzi nimeiona. Mwenye mbuzi sijamuona."